Mbele ya Mkwe

Mama yangu hana haya. Nasema hivi kwa heshima zote, na mwenyewe angenisikia angecheka mpaka ajishike mbavu. Kule kwetu Nanyamba, mabinti wakiwekwa ndani wafundwe unyago, kungwi anayefuatwa kwanza ni Helena. Mambo ya mwili wa mwanamke ambayo hata nesi wa zahanati anayazungukazunguka, mama anayataja kwa majina yake, kavukavu, halafu anayatungia wimbo ili mwali asisahau, halafu anaucheza huo wimbo. Mimi nilifundwa na shoga yake, maana mzazi hamfundi bintiye, lakini kicheko cha mama nilikuwa nakisikia kutoka nyumba ya pili, natamani ardhi inimeze.

Basi huyo ndiye mwanamke aliyeshindwa kutamka neno moja dogo, na hilo neno ndilo lililotufikisha hapa. Nimekaa kwenye benchi la hospitali, mbali na nyumbani, sina la kufanya ila kungoja. Mtaniwia radhi nikipandisha sauti. Wanaonijua wanasema Happiness alipewa jina akanyimwa tabia, na leo sina nguvu ya kubisha.

Ilianza msimu wa korosho. Mama ni mjane, ana mikorosho yake aliyoachiwa na baba, na hataki kibarua amwokotee. Anasema kibarua akiokota mbili, moja ni ya mama na moja ni ya kwao. Siku hiyo korosho zimeanikwa, wingu likatanda ghafla, akazikusanya peke yake, akainua gunia alikimbize ndani. Jamani, gunia la korosho! Hata vijana wenye vifua vyao wanashikana wawili. Akasikia kitu kimekatika kiunoni, akakaa chini palepale, mvua ikamkuta amekaa. Korosho zikalowa. Mpaka leo ukimuuliza habari za mgongo anaanza na habari za zile korosho.

Maumivu yakashuka kutoka kiunoni, yakapita tako la kulia, yakafika unyayoni. Alikuwa analala kifudifudi, ameng'ata khanga. Nikamchukua, nikamleta kwangu Chuno, mjini Mtwara, kwa mume wangu Elisha.

Elisha ni mtu wa Tukuyu, mwalimu wa hesabu. Serikali ilimpangia Mtwara, akaja analia, akanikuta mimi, akanyamaza. Ni mpole mpaka inakera. Sasa kwetu mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Mama mkwe na mkwe wake wanasalimiana kwa mbali, macho chini. Hawakai mkeka mmoja, hawali sahani moja, na mambo ya mwili hayatajwi kabisa ikiwa mmoja wao anasikia. Kwao Elisha nako wana miiko yao ya ukwe, pengine mikali kuliko yetu, kwa hiyo hao wawili walielewana vizuri mno. Elisha akiingia kwa mlango wa mbele, mama anajiburuta kutokea wa nyuma, na mgongo wake huohuo. Elisha akiwa sebuleni, mama haendi msalani, maana choo chetu kiko ndani na mlango wake unaonekana kutoka kwenye kochi. Atakaa, atakaa, mpaka mwalimu atoke.

"Mama," nikamwambia siku moja, "mkweo anajua kwamba watu wanaenda chooni."

"Ajue kwa watu wengine," akanijibu.

Nikacheka. Nilidhani ni heshima yake ileile.

Na bima ya matibabu ni ya Elisha, mama kaandikwa humo kama mzazi anayemtegemea. Mimi niko kiwandani, nabangua korosho, na kule ukikosa zamu unakuta mtu kashakalia kigoda chako. Kwa hiyo wa kumpeleka mama hospitali akawa mkwe. Tuliona ni jambo jema. Majirani walikuwa wananiambia, "Happy, wewe umepata mume," na kweli nilikuwa nimepata.

Elisha akalishika lile jambo kama anajiandaa na mtihani wa taifa. Alisoma kwenye simu mpaka macho yakawa mekundu. Akampigia rafiki yake muuguzi kule Mbeya, akauliza kwenye kundi la walimu, akatafuta video za madaktari wakieleza kwa Kiswahili. Jioni ananifuata jikoni ananieleza, mama yuko chumbani anasikiliza kupitia ukutani. Mgongo una pingili, katikati ya pingili na pingili kuna kitu laini kinaitwa diski, na ya mama imetoka mahali pake inabana mishipa ya fahamu. Unaweza kutumia dawa na mazoezi, maana wengi hutulia hivyohivyo bila kuguswa. Unaweza kuchomwa sindano palepale mgongoni, maumivu yapungue. Au unapasuliwa.

"Lakini kuna alama za hatari," akasema. "Zikitokea hizo, mambo ya kuchagua yamekwisha. Ni kisu, tena cha haraka, la sivyo miguu inakufa."

"Alama zipi?"

Akakohoa. Akatazama sufuria. "Daktari atamuuliza mwenyewe."

Na daktari akamuuliza, sitaki kumsingizia mtu. Daktari Amani ni kijana mtulivu, hana haraka na wagonjwa. Elisha alinisimulia kila kitu waliporudi. Alimgonga mama magoti kwa kinyundo, akamwambia asimame kwa vidole, asimame kwa visigino, akamkunja miguu. Kisha akauliza: mama, haja ndogo inatoka vizuri? Ukikaa unasikia kama kawaida, sehemu za siri hazina ganzi? Mama akasema, "Salama, daktari." Basi, daktari akasema kama hivyo ni salama hatuna sababu ya kukimbilia kisu, tuanze na mazoezi, awe anakuja kuonekana. Kila walipokwenda aliuliza vilevile, na kila walipokwenda mama alijibu vilevile, na Elisha alirudi nyumbani amechangamka.

Mama mwenyewe kisu alikuwa hataki hata kukisikia. "Mgongo hauguswi," anasema. "Mnataka niwe Andrea?"

Andrea ni jirani yetu wa kule Nanyamba. Alikuwa fundi mwashi, mwanamume wa miraba minne, akaugua mgongo, akapelekwa kupasuliwa, akarudi amekaa kwenye kiti cha magurudumu. Nanyamba yote inaijua habari hiyo. Mtu akilalamika kiuno tu, anaambiwa, utakwenda kupasuliwa uwe Andrea. Elisha akajaribu kumtumia mama ujumbe kupitia kwangu, kwamba mzee Gulamabbas mwenye duka kule Mikindani alipasuliwa mgongo mwaka juzi, na leo anapanda ngazi kushusha bidhaa mwenyewe. Mama akajibu kupitia kwangu vilevile, na Elisha yuko hatua mbili kutoka hapo: "Mwambie huyo alipasuliwa India."

Tukahangaika. Mazoezi alifanya, mwanzoni yakamsaidia, akaanza hata kunitania kwamba kiuno kikipona atarudi kuwaonyesha wali kazi. Kisha yakarudi, mabaya zaidi. Tukamnunulia mkanda wa mgongo. Tukamwita mama mmoja wa kuchua, akamchua mpaka mama akatapika. Akaja bwana mmoja anaitwa Idrisa, ana mkoba na tai, anauza unga kwenye makopo, anasema unarudisha diski mahali pake bila kisu. Nikamuuliza unga unaopita tumboni unaujuaje mgongo. Akasema, "Dada, una imani ndogo." Haki ya Mungu nilimtoa na makopo yake, kopo moja likafika barabarani kabla yake. Baadaye nikajifungia chooni nikalia, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeshataka kununua. Ukifika mahali unataka kuuziwa uongo, ujue umechoka.

Maana mama alikuwa anaisha. Mwanamke aliyekuwa akicheza ngoma mpaka vijana wanaomba poo, sasa anatoka kitandani kwa kushika ukuta. Mguu wa kushoto nao ukaanza kumlegea. Akawa hali vizuri, maji ndiyo hataki kabisa, unampa kikombe anagusisha midomo. Na ukaidi! Nguo zake hataki nifue. Alfajiri unamkuta uani amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anafikicha vitenge vyake, jasho linamtoka kwa maumivu. Nikimnyang'anya tunagombana. Asubuhi moja miguu ikamkatalia akiwa anakwenda kuanika, akaanguka na beseni lake. Elisha akatoka mbio, akamkuta chini, na hakujua amshike wapi. Akasimama pale na mikono yake hewani, anaita, "Happy! Happy!" Mama naye badala ya kuomba msaada anavuta khanga ajifunike. Nikawainua, huyu kwa mikono na yule kwa matusi.

Nikamwambia Elisha, mimi sasa sijui. Tukimpasua tunaogopa, tukimwacha anakufa kidogokidogo tunamtazama. Elisha akafikiri, akasema, "Twende tukamwone Andrea. Tunamwogopa mtu ambaye hatujawahi kumuuliza."

Jumamosi tukamwachia jirani yangu Glory amtazame mama, tukaenda Nanyamba. Andrea tulimkuta kibarazani, kwenye kiti chake, anasuka ukili. Elisha akakaa naye. Mimi nikapita jikoni kwa mkewe, Esta, ambaye tulicheza naye utotoni. Ananijua na mdomo wangu, kwa hiyo nilimuuliza bila kuzunguka. Nikamwambia, shoga, mama anaogopa kisu kwa ajili ya mumeo, niambie walimfanya nini.

Esta akaacha kupepeta. "Nani kasema kisu?"

"Watu wote wanasema."

"Watu waliona tumeondoka na gari, tukarudi na kiti. Hawakuona tulivyoondoka. Happy, mume wangu alibebwa kwenye mkeka kuingizwa kwenye hilo gari. Miguu ilikuwa imeshakufa. Daktari wa kupasua alituambia, nawapasulia, lakini mmechelewa, mngekuja mapema mtu huyu angetembea." Akapepeta mara mbili, akaacha tena. "Tungekujaje mapema na yeye ananificha?"

"Alikuficha nini?"

Akachungulia kibarazani kwanza, kisha akashusha sauti. "Mkojo. Ulikuwa haumtoki. Halafu unamtoka bila yeye kujua. Na huku kote anapokalia pamekufa ganzi, hata ukimwagia maji ya moto. Mwanamume mzima, atamwambiaje mkewe? Mimi niliona tu anafua suruali zake mwenyewe, nikajisifu kwamba nimepata mume anayenionea huruma."

Sikumaliza chai aliyonipa. Njia nzima Elisha anazungumza, ana furaha ya mtu aliyepata jibu, anasema unaona sasa, kisu sicho kilichomlemaza, sasa mama atakubali tulijadili kwa utaratibu. Mimi namsikia kwa mbali. Nawaza vitenge. Nawaza kile kikombe cha maji anachokigusisha midomo. Na sikumwambia Elisha kitu, maana ningemwambiaje? Ni mama yangu, na yeye ni mkwe wake. Mdomo wangu wote huu, ukajifunga.

Nilimkuta mama amejilaza. Nikamwomba Glory aende, nikafunga mlango, Elisha nikamwacha nje na viatu vyake.

"Mama, haja ndogo unaipataje?"

Akanitazama. "Maswali gani hayo?"

"Nijibu."

"Salama."

"Mama, mimi si daktari, na Elisha hayupo hapa. Nijibu."

Akageuza uso ukutani. Nikangoja. Ni kitu ambacho sikijui, kungoja, lakini siku hiyo nilingoja.

"Haiji," akasema mwishowe. "Nikikaa haiji mpaka nijikande tumbo. Halafu nikisimama inakuja yenyewe. Na huko chini, mwanangu, nikijitawaza ni kama namtawaza mtu mwingine."

"Tangu lini?"

"Mara ya kwanza kwa daktari nilimwambia kweli. Ya pili, ganzi ilikuwa imeshaanza."

"Na wiki iliyopita?"

Akavuta shuka mpaka kidevuni.

"Mama, wiki iliyopita alikuuliza! Kwa kinywa chake!"

"Aliniuliza mumeo akiwa amekaa pale, goti lake na langu!" Sasa na yeye akapandisha. "Ulitaka nisemeje? Niseme mbele ya mkwe kwamba najikojolea? Halafu nirudi nyumbani kwake, nile ugali wake, nipite mbele yake na khanga zangu anajua kuna nini ndani?"

"Wewe si ndiye unayewaambia wali mficha uchi hazai?"

"Nawaambia wali, mlango umefungwa! Umeona wapi mkwe kaalikwa unyagoni?"

Nilipiga kelele, sitasema uongo. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia amejiua kwa heshima. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, halafu akaanza kulia, na mimi kumwona mama yangu analia sijawahi, hata baba alipokufa aliimba. Nikapanda kitandani nikamshika. Alikuwa mwepesi, na alikuwa ananuka sabuni kupita kiasi.

Elisha nilimwambia uani, kwa maneno ya hospitali, macho yangu yako kwenye kamba ya kuanikia. Akakaa chini, palepale penye majivu, na suruali yake ya kutokea. Alikuwa anazijua zile alama zote. Alikuwa amezisoma mara ngapi sijui, alimkumbusha hata daktari aziulize.

"Nilikuwepo," akasema. "Nilikuwa nimekaa palepale. Ningetoka tu nje, Happy. Ningesema nakwenda kununua maji."

Nikatafuta wa kumpiga nikamkosa. Daktari aliuliza. Mume wangu alibeba mzigo usio wake. Mama alijistahi, na alimstahi yeye. Kila mtu alifanya adabu yake sawasawa, na diski ikaendelea kubana.

Jioni hiyohiyo tukawa hospitali. Daktari Amani alipoona uso wangu akamwomba Elisha asubiri nje, na nilikaribia kucheka kwa uchungu, kumbe ni jambo dogo hivyo. Akampima mama upya kwa ncha ya kijiti, akamwambia afumbe macho, aseme kila anapoguswa. Mapajani kwa ndani na huko kwenye makalio, mama alikaa kimya kijiti kinatembea. Kisha nesi akaweka mpira wa mkojo, ukatoka, ukatoka, ukajaza mfuko, nesi akabadilisha mfuko. Mama alikuwa ametazama ukuta. Wakampiga picha ya mgongo. Daktari akaongea kwa simu na bingwa wa upasuaji Dar es Salaam, akarudi, akavuta kiti mpaka kwa mama.

"Mama Helena, sikufichi. Diski imeziba njia ya mishipa yote inayokwenda chini. Miguu bado ina nguvu kidogo, tukiwahi tunaweza kuiokoa. Kibofu siwezi kukuahidi. Tukichelewa, ni vyote viwili, na moja kwa moja. Gari la wagonjwa la kwenda Dar linaondoka sasa hivi. Bingwa amesema ukikubali, atawaita watu wake usiku huu wakusubiri mlangoni. Lakini lazima ukubali kwa kinywa chako. Unakubali?"

Mama akaniangalia. Nikamweleza ya Andrea, kama Esta alivyonieleza, neno kwa neno. Akasikiliza.

"Esta ni mke wake," akasema. "Lazima amtetee mwenye kisu, maana walishamlipa." Halafu akaona uso wangu. "Nitajibu nikifika."

"Mama, hatungoji ufike!"

"Nitajibu nikifika. Mgongo ni wangu."

Daktari akaniambia kwa sauti ya chini, msimwache alale na jawabu hilo, akikubali hata njiani mnipigie. Akamwagiza nesi awe anatazama miguu.

Tukaondoka. Mama amelazwa katikati, mfuko wa mkojo umening'inia kando ya kitanda, nesi amekaa upande wa kichwani, mimi miguuni. Elisha mbele na dereva, na kati yao na sisi kuna kidirisha kimeachwa wazi. Hakugeuka hata mara moja. Alikuwa amekaa amenyooka, shingo ngumu, kwa ajili ya ule mfuko. Mama aliomba khanga, nikampa, akaitupia juu ya mfuko.

Tukapita Mikindani. Nimemshika mama kidole gumba cha mguu. Namuuliza, "Unasikia?"

"Nasikia."

Nesi akamwambia apandishe mguu wa kulia, akapandisha kidogo. Wa kushoto ukatetemeka tu. Nesi akaniangalia. Nikaanza kumbembeleza. Nikamwambia mama kubali, kwa ajili yangu. Nikamwambia nitaacha mdomo wangu, nitakuwa mwanamke mtulivu, utanisikia nimekuwa kama mtawa. Akasema, "Uongo huo," na akatabasamu kidogo. Nikamwambia basi utacheza ngoma na nani, utawafunda wali ukiwa umekaa? Akafumba macho.

"Unasikia hapa, mama?"

"Nasikia."

Alijibu haraka mno. Nikakifinya kile kidole kwa kucha. Nilifinya kwa nguvu zangu zote, mpaka kucha ikaacha shimo jeupe kwenye ngozi. Uso wake haukucheza. Nikaondoa mkono. Nikauweka mapajani kwangu, nikauficha chini ya mkono wa pili.

"Na sasa, mama? Unasikia?"

"Nasikia, mwanangu. Mbona unanifinya hivyo, utaniumiza."

Nesi akaacha alichokuwa anafanya.

"Mama," nikasema. "Sijakushika."

Akafumbua macho. Akanyanyua kichwa, akaitafuta mikono yangu mpaka akaiona ilipo. Akatazama mguu wake, upo pale peke yake juu ya shuka. Alikuwa ananistahi. Mimi, mtoto aliyemzaa, alikuwa ananijibu vizuri ili nisiumie, kama alivyomjibu daktari.

Mama akalaza kichwa. Akageuza uso kwenye kidirisha, akakitazama kisogo cha mume wangu, muda. Halafu akaita, kwa sauti ile anayowaitia wali.

"Mkwe!"

Elisha alishtuka akataka kugeuka, akajizuia, akabaki anatazama barabara. "Naam, mama."

"Geuka. Geuka hapa uniangalie ninaposema. Miguu siisikii. Mkojo siusikii, najikojolea tangu mwezi ule, nyumbani kwako, kitandani kwako. Mwambie dereva akanyage. Na mpigie huyo wa kisu, mwambie Helena amekubali, awaite watu wake."

Elisha akageuka mzimamzima kwenye kile kiti. Machozi yanamshuka, simu iko mkononi, anamtazama usoni, na mama hakuinamisha macho.